Dirisha Namba Tatu

Mimi ndiye ninayepima.
Isevya, dirisha namba tatu, saa moja unusu hadi saa tisa,
rula ya bati mkononi.
Pembe ya mdomo mpaka pembe ya mdomo:
milimita sitini, unagongewa muhuri;
hamsini na tano, unaongezewa kijiko;
chini ya hapo unakaa kwenye benchi la bluu,
na watu wa benchi la bluu
huwa hawarudi na viatu vyao.

Kijiko ni cha Utamu. Rangi yake ya asali,
harufu yake ya asali,
ila sisimizi huuzunguka, wakaenda zao.
Unapikwa kwenye maghala ya zamani ya tumbaku, nyuma ya stesheni.
Mizinga ilichomwa yote, kutoka Sikonge hadi Urambo,
kwa kosa la kufuga wanaouma.

Alfajiri kipaza sauti hutuamsha:

    Amka ucheke kwanza, ndipo uuoshe uso,
    Huzuni ni kama funza, inaleta tu mateso,
    Aliaye twamtunza, mpaka ang'ae uso,

Mstari wa nne hatukuletewa.
Wanasema mtunzi aliishia benchi la bluu.
Kila siku Tabora nzima inasubiri pale penye pengo
kama mguu uliokosa ngazi,
kisha tunapiga makofi.

Kapela nilimzika nikiwa na milimita sitini na nne.
Ilikuwa rekodi ya mwezi. Walinipa kanga.
Nakumbuka mchanga ukidondoka juu ya ubao,
shemeji zangu wamepanga meno,
na mimi nawaza: hivi hapa nilikuja kufanya nini?

Alhamisi akaja mwanamke wa njia ya Sikonge,
kitambulisho kinasema Nyamizi Mayunga.
Nikaweka rula: thelathini na nane.
Hakutetemeka. Akasukuma chini ya kioo
kifurushi cha majani ya mninga.
"Hii nayo ipime."

Sega. Zito, nta nyeusi pembeni,
na ndani yake nyuki mmoja, kalewa moshi, yu hai.
Mkono wangu ulikwenda kwenye kengele.
Nyuki akaja usoni.

Chini ya jicho. Moto.
Fuata nyuki ule asali, walisema wahenga;
hawakusema kama nyuki naye
aweza kukufuata wewe mpaka kazini.

Chozi la kwanza lilikuwa la mwiba.
La pili sijui.
La tatu lilikuwa la Kapela,
Kapela aliyechovya mkate kwenye chai akausahau,
ukakatika, ukazama,
naye akainama juu ya kikombe
akautukana kwa Kinyamwezi kama mtu aliyeibiwa ng'ombe.
Kila asubuhi. Miaka kumi na mmoja.

Nikacheka.
Si kile cha rula. Hiki kilitokea puani, kikapanda na kamasi,
kikakwama, kikarudi kama mbuzi mwenye kikohozi.
Jicho limeziba, mdomo umepinda upande.
Nyamizi naye akacheka, kiganja mdomoni, kwa aibu,
kama watu walivyokuwa wakicheka.
Nikajipima: milimita kumi na tisa.

Kwenye kitambulisho chake nimeandika sitini.
Kwenye changu, kumi na tisa.

Sasa nipo benchi la bluu.
Viatu nimevivua mwenyewe, nimevipanga.
Kidole bado kinanata.
Kipaza sauti kinafika kwenye pengo, Tabora inasubiri,
nami nalijaza kimoyomoyo:

    Nyuki ndiye kanifunza, hadi leo navimba uso.

Mizani imezidi moja.
Nahesabu tena kwa vidole. Imezidi.
Iache izidi.